Manowari, Mizinga na Kalamu ya Wengi

Pantoni iondokayo Magogoni kwenda Kigamboni huuvuka mlango wa bandari ya Dar es Salaam kwa dakika chache tu. Ng'ambo yake, katika ardhi iliyohesabiwa kwa miaka mingi kuwa ya Wilaya ya Temeke, ipo kambi ya wanamaji wa Tanzania, ambao kamandi yao iliasisiwa mwaka 1971 kwa msaada wa China. Abiria huyaona maji, huiona kambi, kisha hushuka kwenda zake. Lakini mlango huu mwembamba una tarehe yake. Mwezi wa Agosti 1914, vita vikuu vilipozuka, Wajerumani walizamisha humo chelezo chao cha kutengenezea meli ili Waingereza wasipate njia ya kuingia. Tarehe 8 ya mwezi huo manowari Astraea ilikuwa imekwisha kufyatua mizinga yake kuelekea kituo cha simu ya upepo.

Lugha yenyewe ni shahidi. Neno "manowari" halikuletwa na wataalamu wa kamusi. Watu wa mwambao walilisikia vinywani mwa mabaharia wa Kiingereza, wakalikunja likakaa sawa na ulimi wao. "Mzinga" nao, uliokuwa makao ya nyuki, ukaazima umbo lake kwa kile chombo cha moto kilichotazama mji kutoka baharini. Walioyatunga maneno haya walikuwa ufukweni, mbele ya mdomo wa mzinga. Hata hivyo, historia ya vita vya majini vya pwani hii kwa sehemu kubwa imeandikwa na waliokuwa nyuma yake.

Mfano ni siku ya 28 Novemba 1914. Manowari Goliath na Fox zilikuja Dar es Salaam, na mashua zikatumwa bandarini kuziharibu meli za Kijerumani zilizojificha ndani. Ofisa Henry Ritchie alijeruhiwa mara nane katika muda wa dakika ishirini na tano, na kwa ushujaa huo akatunukiwa Msalaba wa Viktoria. Majeraha yake yamehesabiwa katika gazeti rasmi la serikali yake. Mji nao ulipigwa mizinga, lakini mwenyeji aliyekimbia na wanawe hakuwa na karani wa kumhesabia chochote.

Kisa cha Königsberg kinaonyesha jambo hilohilo kwa upana zaidi. Manowari hiyo ya Kijerumani iliondoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikaivamia Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar, ikaiangamiza. Wafu wake zaidi ya thelathini, na baadhi yao wamelala hata leo katika kisiwa cha Chapwani, makaburi yao yakiwa na majina. Königsberg ikajificha katika mikono ya mto Rufiji, na Waingereza wakamtuma mwindaji Pieter Pretorius apeleleze njia za mikokoni na kina cha maji. Jina la Pretorius limo vitabuni. Wenyeji aliofuatana nao, walioujua mto kwa maji kujaa na maji kupwa, wametajwa kwa jumla tu.

Tarehe 11 Julai 1915 meli hiyo iliangamizwa, lakini mizinga yake kumi iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu na kuburutwa bara kwa nguvu za mikono ya watu. Mmoja wa mizinga hiyo umewekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus: mahasimu wawili wamepatanishwa na makumbusho. Na mikono iliyoburuta? Kwa upande wa Waingereza, jeshi la wapagazi lililoitwa Carrier Corps limeacha jina la Kariakoo katikati ya jiji. Hapo tena ni ulimi wa watu uliohifadhi kile ambacho kalamu ya wakubwa ilikipita upesi.

Si kwamba ufuko haukuwa na kalamu. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, 1307 A.H., akisimulia jinsi Wajerumani walivyoitwaa pwani katika miaka ambayo manowari zao na za Waingereza ziliifunga bahari, tangu Desemba 1888. Anayetaka kuujua mzinga tangu upande wa aliyelengwa hana budi kuusoma utenzi huo kama hati ya historia, si kama pambo la lugha.

Kukusanya maarifa kwa mikono mingi si jambo geni Dar es Salaam. Jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, liliandikwa na wengi, lakini wengi hao hasa walikuwa maofisa wa ukoloni, na kwa Kiingereza. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imefungua mlango mpana zaidi: yeyote aweza kuandika, na mwingine aweza kumsahihisha. Kamusi elezo ya manowari na vita vya majini yaweza kujengwa namna hiyo, tarehe kwa tarehe, chombo kwa chombo.

Tatizo ni sharti lake. Kila habari huulizwa: imechapishwa wapi? Sharti hilo lina haki, kwani bila ya hilo uvumi ungekaa kiti kimoja na ushahidi. Lakini likiachwa peke yake, daftari la nahodha wa Goliath litaingia kwa urahisi, na simulizi iliyorithiwa Mjimwema au Msasani itabaki barazani. Mlango utakuwa wazi, na atakayeingia atakuwa yuleyule wa zamani.

Dawa si kulivunja sharti, bali kulitimiza. Simulizi ya mzee irekodiwe, iandikwe siku na mahali, ilinganishwe na hati, ichapishwe katika majarida ya Kiswahili. Ndipo itajwe kwa haki. Kazi hii haingoji. Waliopokea habari za 1914 kutoka kwa walioshuhudia wanapungua kila mwaka, na kutoka Kunduchi hadi Mbwamaji nyumba mpya zinazidi kuisogelea pwani na makaburi yake ya kale.

Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Wakasema pia kwamba penye wazee haliharibiki neno. Kamusi ya wengi isiyokuwa na wazee wa ufukweni itakuwa na mengi, ila neno litakuwa limeharibika.