Nchi Isiyofungamana na Dini

Ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Maneno hayo yanabeba dhana ambayo wengine wameitohoa wakaiita usekulari, na nadhani mzigo umeyazidi. Muumini anaweza kuyasikia akadhani nchi yake imemkana Mungu, ndiyo sababu viongozi tangu enzi za Mwalimu Nyerere wamesisitiza kuwa serikali haina dini bali watu wake wanazo. Ufafanuzi ni sahihi, lakini istilahi yenyewe inakanusha tu. Haisemi dola ifanye nini inapokutana na dini, nayo hukutana nazo kila siku.

Bugando ya Mwanza ni hospitali ya Kanisa Katoliki, na papo hapo ni hospitali ya rufaa ya kanda inayotegemea pia fedha za umma. Ushirikiano wa namna hii uliwekewa hati ya makubaliano mwaka 1992, kati ya serikali na makanisa. Ukiishika istilahi ya Katiba neno kwa neno, huo ni ukiukaji. Ukimfikiria mgonjwa, ni huduma ambayo hakuna wa kuziba pengo lake. Wapo Waislamu ambao kwa miaka mingi wamehoji kwa nini makubaliano yalifanywa na upande mmoja. Hoja yao ni nzito, tena ni ya usawa, na katika "isiyokuwa na dini" usawa hautajwi.

Ndiyo maana napendekeza "isiyofungamana na dini yoyote". Tumezoea kusikia juu ya nchi zisizofungamana na upande wowote: zilishirikiana na Mashariki na Magharibi bila kuwa mali ya yeyote. Dola ya namna hiyo inaweza kushirikiana na kanisa au msikiti, mradi masharti yawe mamoja na yawe wazi.

Mpinzani atasema kauli hii inaacha mlango wa upendeleo wazi, na atataja Mahakama ya Kadhi. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza dini ya taifa katika ibara ya 8, kisha ibara ya 170 inaweka mahakama za Kadhi, kwa mambo ya hadhi binafsi, ndoa, talaka na mirathi tu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa huko. Mtu anaweza kuupinga mpangilio huo kwa sababu za gharama au za usawa. Hizo ni hoja za kujibiwa kwa ushahidi, na tungezifikia mapema zaidi kama tusingekwama kwenye swali la iwapo nchi ina dini.