Kanisa la Vibarua

Kati ya Msambweni na Shimoni, kwenye vijiji vya Washirazi kama Bodo, Munje na Funzi, Uislamu una mizizi ya karne nyingi na kanisa ni mgeni wa juzi. Ndiyo maana Ukristo wa huko huhesabiwa kuwa dini ya watu wa bara, na waumini wake kuwa wapita njia ambao mwisho wa yote watafungasha na kurudi kwao. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli. Kanisa la ukanda huu lilifika na watu wa bara, wengi wao wakiwa vibarua. Nusu ya pili ndiyo isiyosimama, kwa kuwa historia ya pwani yenyewe inaonyesha kwamba kanisa la wageni si lazima liwe kanisa la kupita.

Tuanze na wamisionari. Krapf na Rebmann walijenga kituo chao Rabai mwaka 1846, Wamethodisti wakafuata Ribe mwaka 1862, na Freretown ikaanzishwa na Waanglikana miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Vituo vyote hivyo viko kaskazini na magharibi mwa kisiwa cha Mombasa. Kusini hakukuwa na hata kimoja kati ya hivyo; kulikuwa na Gazi, ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Sultani wa Zanzibar kwa miaka mingi, kisha na Waingereza, hadi alipovuka kuingia upande wa Wajerumani mwaka 1896. Lakini hata huko kaskazini, ni nani waliojaza viti vya kanisa? Wengi walikuwa watoro na watumwa walioachwa huru, watu waliotenganishwa na koo zao. Mwanzoni mwa 1889, baada ya Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza iliyosimamia pwani wakati huo, kuwalipa mabwana fidia, watoro wapatao 1,400 waliokimbilia misheni walipewa hati za uhuru. Rabai inayosifiwa leo kama chimbuko la Ukristo wa Kenya ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kimbilio la wageni.

Kusini, kazi iliyofanywa na misheni kule kaskazini ilifanywa na miwa. Shamba la sukari la Ramisi lilianza miaka ya 1920, likahitaji mikono mingi kuliko vijiji vya karibu vilivyokuwa tayari kuitoa. Wakaja Wakamba, Wajaluo na wengineo, wakiwemo Wamakonde kutoka Msumbiji. Baadhi walifika wakiwa wameshabatizwa kwao, kwani Africa Inland Mission ilikuwa Ukambani tangu 1895 na Maseno ilikuwa na misheni ya Waanglikana tangu 1906. Hapakuhitajika mzungu wa kuwahubiria. Dini ilisafiri pamoja na kibarua. Na kwa kuwa watu wa lugha mbalimbali walifanya kazi pamoja, Kiswahili kilikuwa chombo cha kuwaunganisha hata katika ibada. Biblia ya Union Version, iliyotoka nzima mwaka 1952, iliwapa maandiko ambayo Mkamba na Mjaluo waliweza kuyasoma pamoja.

Yupo atakayesema kwamba kilichozuia kanisa kusini ni nguvu ya Uislamu, si jiografia ya misheni wala soko la kazi. Hoja hiyo ina uzito, ila isitiwe chumvi. Katika vijiji vya Wadigo, majirani wa Washirazi hao, Uislamu ulienea hasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kupitia biashara, ndoa na walimu wa vyuo vya Kurani. Nao ulipita njia za riziki na ujirani, ulitangulia tu. Wala mlango haukufungwa kabisa, maana leo Agano Jipya lipo kwa Chidigo, na lugha hiyo haikuletwa na mtu wa bara.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama kanisa lililetwa na kazi, kwa nini halikuondoka nayo? Kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Mwaka 1997 ghasia za Likoni, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, ziliwafukuza maelfu ya watu wa bara, wengi wakajihifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni. Kwa mantiki ya mpita njia, huo ndio ungekuwa mwisho. Haukuwa. Wapo waliokuwa na mashamba, kama Wakamba waliopewa makazi Shimba Hills tangu miaka ya 1950, na wapo waliozaliwa huku Kwale wasiojua kwingine. Wamakonde waliandamana kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, wakatambuliwa kuwa kabila la Kenya. Mtu anayeandamana hadi Nairobi ili aandikwe kuwa mwananchi hana mpango wa kuondoka.

Kwa hiyo anayetaka kuandika historia ya kanisa dogo la huku asianzie kwenye shajara za wamisionari. Aanzie kwenye orodha za mishahara ya shamba, hati za viwanja na makaburi. Humo ataona kwamba kibarua ndicho kilicholeta kanisa, lakini ardhi, watoto na wafu ndio waliolibakiza.