Ndege za Eastlands: Jinsi KQ Ilivyopaa, Ikayumba

Ukiacha kiwanja cha Wilson, ndege kubwa za abiria zimekuwa zikitua Nairobi upande mmoja tu: mashariki. Kabla ya 1958 zilitua Eastleigh, kwenye kiwanja cha jeshi la anga la Mwingereza ambacho leo ni kambi ya Moi. Hapo ndipo aliposhuka Elizabeth binti mfalme, Februari 1952, siku chache kabla ya babaye kufariki na yeye kuwa malkia. Mnunuzi anayevutana na bei ya vitambaa kwenye maduka ya Garissa Lodge, Eastleigh, hana habari kwamba mtaa huu ndio uliokuwa mlango wa kuingilia Kenya.

Eastleigh ndiyo iliyolea pia shirika lililokuja kuzaa KQ, yaani Kenya Airways. East African Airways, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilianza kazi 1946 ikiwa na ndege sita za Dragon Rapide. Zilikuwa ndege za mbao na kitambaa, na hazikubeba hata abiria kumi.

Ndege zilipokua, Eastleigh ikawa finyu, na serikali ya kikoloni ikageukia nyika za Embakasi. Nani angechimba? Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Wafungwa na mahabusu wa Mau Mau, kwa maelfu, waliwekwa katika gereza la Embakasi na kutolewa kila siku kusawazisha ardhi kwa mikono chini ya bunduki. Gavana Evelyn Baring alikifungua kiwanja 1958. Tangu 1978 kinaitwa Jomo Kenyatta, na inafaa kukumbuka kwamba wakati njia ile ya ndege inachimbwa, Kenyatta mwenyewe alikuwa mfungwa Lokitaung.

Mwaka mmoja baada ya kiwanja kufunguliwa, Septemba 1959, wanafunzi 81 walipanda ndege ya kukodi hapo kwenda kusoma Marekani kwa mpango wa Tom Mboya, aliyekuja kuchaguliwa mbunge wa Nairobi Mashariki 1961. Shirika la kikanda nalo lilikuwa likinawiri: Comet za jeti 1960, kisha Super VC10 kuanzia 1966. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kugombana, na ndege haziruki kwa ugomvi. Madeni na michango isiyolipwa viliisimamisha East African Airways mapema 1977. Super VC10 nne zilizobaki zikarudi Uingereza, na wafanyakazi wakabaki wakitazamana.

Kenya ilikwisha jiandaa. Kenya Airways ilisajiliwa Januari 22, 1977, na Februari 4 ikaanza safari kwa Boeing 707 mbili za kukodi kutoka British Midland. Wengi wa mafundi na wahudumu walikuwa walewale wa shirika lililokufa. Walibadilisha sare tu.

Miaka kumi na mitano ya kwanza haina mengi ya kujivunia, ukiondoa Airbus A310 zilizonunuliwa mpya 1986. Shirika lilikuwa la serikali na liliendeshwa hivyo: madeni juu ya madeni, na ajira kwa kujuana. Mambo yaligeuka 1991, Philip Ndegwa alipopewa uenyekiti na agizo la kuifanya KQ biashara. Mwaka 1996 KLM ya Uholanzi ikanunua asilimia 26, na hisa nyingine zikauzwa kwa umma kwa shilingi 11.25 kila moja. Zaidi ya Wakenya 100,000 walinunua. Lilikuwa shirika la kwanza la ndege la serikali barani Afrika kubinafsishwa likafaulu.

Hata misiba miwili, ya Abidjan Januari 2000 iliyoua watu 169 na ya Douala Mei 2007 iliyoua 114, haikuliangusha shirika. Kilicholiangusha ni tamaa.

Mpango ulioitwa Mawingu ulitaka kuikuza KQ kutoka ndege 34 hadi 119 ifikapo 2021. Ndege za Dreamliner zikaanza kuwasili wakati watalii wanakimbia mabomu na Ebola inafunga njia za Afrika Magharibi. Mwaka wa fedha 2014/15 hasara ilifika shilingi bilioni 25.7, uliofuata, bilioni 26.2.

Kabla ya hesabu hizo kutangazwa, maumivu yalikwisha fika mitaani. Mwaka 2012 karibu watu 600 waliachishwa kazi. Pipeline, Fedha, Tassia na Nyayo Estate zimejaa familia zinazoishi kwa zamu za kiwanjani. Alfajiri, matatu za namba 34 hubeba wasafishaji, wapakiaji mizigo na walinzi, beji zikining'inia shingoni, kuelekea kazini kabla ya abiria wa kwanza kuamka. Wengi wao hawajawahi kupanda ndege. Zamu ikikatwa, muuza chapati wa stejini hujua kabla ya gazeti.

Mwaka 2017 madeni yaligeuzwa kuwa hisa: serikali ikashika asilimia 48.9 na benki 38.1. Kwa maneno mengine, mlipa kodi akarudishiwa mzigo aliodhani ameutua 1996. Oktoba 2018 ndege ya kwanza ya moja kwa moja iliondoka Embakasi kwenda New York. Shangwe zilikuwa kubwa, lakini Julai 2020, katikati ya korona, hisa za KQ zilisimamishwa sokoni.

Kwa mwaka 2024 shirika lilipata faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka 11, na hisa zikarudi sokoni Januari 2025. Furaha haikudumu. Katika nusu ya kwanza ya 2025 Dreamliner kadhaa zilikaa chini zikisubiri injini, na hasara ikarudi: zaidi ya shilingi bilioni 12.