Mazoezi ya nguvu kwa wanamichezo chipukizi

Imani kwamba kunyanyua vyuma humdumaza mtoto ni kongwe, nayo imevuka bahari pamoja na wenyewe. Mzazi aliyelelewa Unguja au Mombasa, ambaye leo mwanawe anasoma sekondari nchini Marekani au Uingereza, huenda akaletewa fomu atie saini ili kijana aingie chumba cha vyuma pamoja na timu yake. Akisita si ajabu: mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wengi walikuwa na shaka hiyo hiyo.

Hofu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuwa gegedu laini lililo karibu na ncha za mifupa mirefu, mahali ambapo mfupa hurefukia, lingeumizwa na uzito. Ya pili, mtoto ambaye hajabalehe hana homoni za kutosha za kujenga misuli, kwa hiyo jasho lake lingekuwa la bure.

Hofu hii ya pili haikusimama. Nguvu si unene wa msuli peke yake. Mazoezi huufunza ubongo, kwa njia ya mishipa ya fahamu, kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja na kwa mpangilio. Ndiyo maana mtoto wa miaka 9 au 10 aweza kuongeza nguvu kwa takriban asilimia 30 katika wiki 8 hadi 20, ilhali mkono wake hauonekani kunenepa. Akiacha mazoezi, faida hiyo hupungua.

Ama kuhusu kimo, jina lililotajwa sana ni la Naim Süleymanoğlu, mzaliwa wa Bulgaria aliyekitoroka kikosi chake mjini Melbourne mwaka 1986 na kupokewa Uturuki. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 alinyanyua kilo 190, zaidi ya mara tatu ya uzito wake, naye urefu wake ulikuwa sentimita 147 tu. Ikasemwa kuwa vyuma vimemfupisha. Wazazi wake, ambao nao walikuwa wafupi sana, hawakutazamwa. Unyanyuaji vyuma huwapendelea wafupi kama mpira wa kikapu unavyowapendelea warefu, na sijapata kumsikia mtu akidai kuwa kikapu hurefusha.

Mwaka 2014 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja katika jarida la British Journal of Sports Medicine wakiyaunga mkono mazoezi haya, mradi yasimamiwe na mwalimu mwenye ujuzi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa msimamo kama huo mwaka 2020. Majeraha yapo, lakini mengi hutokana na kujaribu uzito uliozidi kiasi, mkao mbaya, au chuma kumwangukia mtoto anayecheza peke yake nyumbani.

Faida iliyo wazi zaidi, kwa maoni yangu, si medali bali goti zima. Wasichana wanaocheza soka hukatika kano za ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana. Nchini Norway wasichana 1,892 wenye umri wa miaka 13 hadi 17 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Waliofanya mazoezi ya dakika 20 kabla ya mpira, yaani kukimbia, kuruka, kuchuchumaa na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja, walipata majeraha pungufu kwa karibu theluthi moja, na yale mabaya yalikaribia nusu. Hawakuhitaji chuma hata kimoja.

Kwenye mashindano, kijana mwenye nguvu huruka juu zaidi na huanza mbio kwa kasi zaidi, lakini hilo halichukui nafasi ya ufundi wa mchezo wenyewe. Aidha, umri wa cheti si umri wa mwili: wavulana wawili wa miaka 13 waweza kupishana miaka kadhaa ya ukuaji, basi kuwapa mzigo mmoja ni kumwonea mmoja wao.

Kiasi kinachopendekezwa ni siku 2 au 3 kwa wiki, zisizofuatana, kwa uzito ambao mtoto aweza kuurudia mara 8 hadi 15 bila kupinda mgongo. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kifafa au ugonjwa wa moyo aonwe na daktari kwanza.