Damu Iliyotangazwa: Mortal Kombat Mbele ya Seneti ya Marekani, 1993

Nilimfahamu Sub-Zero kabla sijajua kusoma Kiingereza. Katika kibanda cha gemu mtaani kwetu Buyenzi, Bujumbura, tulilipa faranga 100 kwa kila pambano, na aliyeshindwa alimwachia mwenzake kiti. Siku moja mama alinifuata, akasimama mlangoni akitazama mtu aking'olewa kichwa pamoja na uti wa mgongo. Hakufoka. Aliuliza tu, "Hii damu mnailipia?"

Nililichukua swali lile kama lawama za kawaida za wazazi. Limenirudia mwaka huu, nilipokuwa nasoma kuhusu vikao vya Seneti ya Marekani vya 1993. Mara nyingi vikao hivyo husimuliwa kama mvutano kati ya wanasiasa waliotaka kuwalinda watoto na watengenezaji waliotetea uhuru wa sanaa. Nadhani simulizi hiyo inawasahau wauzaji. Damu ya Mortal Kombat haikuingia majumbani kwa bahati mbaya; ilitangazwa.

Mchezo wenyewe, kazi ya kampuni ya Midway, ulitoka 1992 katika mashine za kumbi za burudani. Jumatatu ya tarehe 13 Septemba 1993, kampuni ya Acclaim iliutoa kwa mashine za nyumbani, na siku hiyo ikapewa jina lake la kibiashara, Mortal Monday. Katika tangazo la televisheni kijana mmoja anapiga ukelele wa jina la mchezo, kisha kundi la watoto na vijana linamiminika mitaani. Mtu akitaka kujua bidhaa imekusudiwa nani, atazame wanaokimbia kwenye tangazo lake.

Nintendo ilitaka damu iondolewe, na nafasi yake ikachukuliwa na jasho la kijivu. Sega iliiacha, ila ikaificha nyuma ya mfuatano wa vitufe: A, B, A, C, A, B, B. Juu ya kasha ikaweka alama yake yenyewe, iliyoelekeza mchezo kwa wenye umri wa miaka 13 na kuendelea. Nani asiyejua jinsi siri ya namna hiyo inavyosambaa shuleni? Toleo la Sega ndilo lililouzwa zaidi.

Tarehe 9 Desemba maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliwakalisha wakubwa wa kampuni hizo chumba kimoja. Howard Lincoln wa Nintendo alijivunia kuikataa damu. Bill White wa Sega, ambaye muda si mrefu alikuwa ametoka Nintendo hiyohiyo, alijibu kwamba wateja wa Sega ni watu wenye umri mkubwa zaidi. Kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole. Nikisoma habari za siku ile naona maduka mawili yakishtakiana mbele ya hakimu, kila moja likitaka mteja wa mwenzake.

(Wiki saba kamili kabla ya kikao hicho, tarehe 21 Oktoba, Rais Melchior Ndadaye aliuawa na vita vikaanza kwetu. Mama alikuwa msichana wakati huo. Sisemi kwamba mambo haya mawili yanahusiana. Nasema tu kwamba aliyesimama mlangoni mwa kibanda alikuwa ameiona damu isiyochorwa.)

Mwaka 1994 kampuni zilianzisha bodi yao ya alama za umri, ESRB. Septemba ya mwaka huohuo Mortal Kombat II ilitoka kwa mashine ya Nintendo, na damu yake yote, ikiwa na onyo kwenye kasha. Hapa ndipo hoja yangu ilipo: onyo lilitarajiwa kuwa kizuizi, likawa kibali. Mwaka 2000 Tume ya Biashara ya Marekani ilichunguza gemu 118 zenye alama M kwa sababu ya ukatili, yaani za wenye miaka 17 na zaidi. Kati ya hizo, 83 zilikuwa zimetangazwa kwa walio chini ya umri huo. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu iliitupa sheria ya California ya kuzuia mauzo ya gemu za aina hiyo kwa watoto, kwa kura 7 dhidi ya 2, na kazi ya kuwachuja wanunuzi ikabaki kwa alama na madukani.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga: alama humsaidia mzazi kuchagua. Nakubali, kwa mzazi aliye dukani, mwenye kasha mkononi. Diski zetu zilikuwa za kunakili, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, hazina kasha. Tangazo lilitufikia hata hivyo. Mwenye kibanda alikuza picha ya jalada, akaibandika mlangoni ili tuingie. Kona moja ya chini ilikuwa imekatwa, nadhani ili karatasi ienee kwenye ubao. Nilipoliona jalada lile zima, tayari nikiwa chuoni, ndipo nikajua kwamba kwenye kona ile palikuwa na herufi M.