Sisti za Kinywa na Taya: Aina, Ukuaji na Uchunguzi Wake

Uvimbe wa taya unapojitokeza, watu wengi hudhani ni jino bovu na kutaka ling'olewe. Dhana hiyo mara nyingine ni sahihi. Hata hivyo, uvimbe huo huweza pia kuwa sisti, yaani kifuko chenye majimaji, au uvimbe mwingine ulio hatari zaidi. Kwa wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama, kutofautisha hali hizo ni jambo la lazima, kwa kuwa Mkoa wa Mara umo katika ukanda wa Ziwa Victoria wenye malaria, ambako saratani ya Burkitt hushambulia taya za watoto.

Namna sisti inavyokua

Baada ya meno kuumbika, chembechembe chache zilizoyatengeneza hubaki ndani ya mfupa wa taya zikiwa zimetulia. Zikichochewa, hasa na maambukizi ya jino lililooza, huongezeka na kufanya kifuko. Kifuko hicho huvuta majimaji, hutanuka na kuula mfupa taratibu kwa miezi au miaka. Kwa kuwa mara nyingi hakina maumivu, mgonjwa huchelewa kugundua hadi uso uvimbe, meno yasogee au usaha utoke. Kikiachwa, taya huweza kudhoofika kiasi cha kuvunjika kwa kishindo kidogo.

Aina kuu

Sisti ya mzizi ndiyo inayoonekana zaidi katika taya. Huota kwenye ncha ya mzizi wa jino lililokufa kwa kuoza au kwa kugongwa, na hutokea sana kwenye meno ya mbele ya juu.

Sisti ya jino lisiloota huzunguka kichwa cha jino lililokwama ndani ya mfupa, hususan gego la mwisho la taya ya chini na chonge la juu.

Keratosisti hupatikana zaidi upande wa nyuma wa taya ya chini. Ina tabia ya kurudi baada ya upasuaji, hivyo mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka kadhaa.

Ranula hujitokeza chini ya ulimi pale tezi ya mate inapoziba au kupasuka.

Kwa watoto wachanga, vivimbe vidogo vyeupe kwenye ufizi ni hali ya kawaida na hutoweka vyenyewe. Jino linapokaribia kuota, ufizi pia huweza kuvimba na kuwa na rangi ya buluu. Kuchokoa au kukata fizi hizo kwa imani kwamba ni “meno ya plastiki” huweza kusababisha kutokwa damu nyingi, maambukizi na hata kifo.

Uchunguzi

Daktari wa kinywa na meno huanza kwa kuuliza uvimbe ulianza lini na umekua kwa kasi gani. Hupima iwapo jino lililo karibu lina uhai, na huupapasa mfupa, ambao ukiwa umekonda hubonyea kama ganda la yai. Picha ya eksirei huonesha sisti kama doa jeusi la mviringo lenye mpaka mweupe.

Picha peke yake haitoshi. Ameloblastoma, uvimbe unaoharibu taya na kuhitaji upasuaji mkubwa, huweza kufanana kabisa na sisti. Kwa sababu hiyo daktari huvuta majimaji kwa sindano, kisha huchukua kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara. Jibu la maabara ndilo linalothibitisha ugonjwa na kuelekeza tiba, ambayo kwa sisti nyingi ni kutibu mzizi wa jino au kukitoa kifuko kwa upasuaji.

Dalili isiyosubiri

Sisti hukua polepole. Saratani ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache. Uhusiano wake na malaria ulichunguzwa Mara Kaskazini kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, watoto wa chini ya miaka 10 walipopewa klorokwini. Wagonjwa walipungua, lakini upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa kutolewa, hivyo chanzo chake hakikuthibitika. Saratani hiyo hutibika kwa dawa iwapo mtoto atafikishwa hospitali mapema.

Mwananchi anayeona uvimbe wa taya unaodumu zaidi ya wiki mbili anashauriwa kufika kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kutoka hapo ataweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Musoma, au Bugando jijini Mwanza. Mtoto ambaye taya yake inavimba kwa kasi, meno yanalegea au jicho linatokeza, apelekwe siku hiyohiyo, na asing'olewe jino lolote kabla ya kuchunguzwa.