Reli ya mfano katika nafasi ndogo

Reli ya mfano katika nafasi ndogo ni mpangilio wa njia za reli, stesheni, majengo na mandhari uliopunguzwa kwa uwiano maalumu ili utoshee mezani, kwenye rafu ya ukutani au katika kona ya chumba. Ugumu wa kubuni mpangilio wa aina hii hauko katika kubana reli nyingi mahali padogo. Uko katika kuchagua kipande kimoja cha reli halisi chenye kazi ya kutosha na kuacha mengine yote.

Makala hii inaeleza kanuni za ubunifu huo kwa kutumia stesheni na bandari ya Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati ya Tanzania kwenye Ziwa Tanganyika. Mahali hapo panafaa kwa sababu reli inaishia hapo kweli, na upande wa pili kuna maji.

== Uwiano na geji ==

Uwiano huonyesha kitu halisi kimepunguzwa mara ngapi. Geji ni umbali kati ya reli mbili za njia moja. Ni vitu viwili tofauti, na anayeanza mara nyingi huvichanganya.

Uwiano unaotumika zaidi duniani ni H0, yaani 1:87. Unaofuata ni N, ambao ni 1:160 katika nchi nyingi. Mdogo zaidi kati ya zinazouzwa kwa wingi ni Z, yaani 1:220, ulioanzishwa na kampuni ya Märklin ya Ujerumani mwaka 1972.

Reli zenye geji ya milimita 1,435, kama reli mpya ya SGR ya Tanzania, huwa na geji ya milimita 16.5 katika H0 na milimita 9 katika N. Reli ya Kati ya zamani ina geji ya mita moja. Ukigawanya milimita 1,000 kwa 87 unapata karibu 11.5, na kiwango kilichokubalika ni milimita 12. Mpangilio huo huitwa H0m. Kwa uwiano wa 1:160 geji ya mita hugeuka milimita 6.5, na huitwa Nm. Kwa hiyo mtu anayetaka kuonyesha Kigoma ya zamani hawezi kutumia njia ya kawaida ya H0 bila treni zake kuonekana zimesimama kwenye reli pana mno.

== Tatizo la nafasi ==

Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa takriban kilomita 1,250. Ikijengwa yote kwa uwiano wa 1:87, reli hiyo ya mfano ingehitaji zaidi ya kilomita 14, umbali unaozidi ule wa kutoka mjini Kigoma hadi Ujiji. Hata kilomita moja tu inahitaji mita 11.5. Hakuna chumba cha nyumba ya kawaida kinachotosha stesheni moja kubwa bila kuipunguza, kwa hiyo kila reli ya mfano ni ufupisho, na mbunifu hana budi kuamua nini kifupishwe.

Vitu vitatu hula nafasi kuliko vingine:

* Kona. Kona kali ya kawaida katika H0 ya geji ya milimita 16.5 ina nusu kipenyo cha milimita 360. Treni ikigeuka nusu duara inahitaji upana wa sentimita 72, na ukiongeza kingo za usalama meza inafika sentimita 80 au zaidi. Katika N kona kali ina nusu kipenyo cha milimita 190 hivi, na meza ya sentimita 50 inatosha.
* Miinuko. Ili njia moja ipite juu ya nyingine katika H0, inahitaji kupanda kama sentimita 7.5. Kwa mwinuko wa asilimia 3, ambao tayari ni mkali, njia itahitaji mita 2.5 kufika juu, na nyingine kama hiyo kushuka.
* Pointi, yaani mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Kila pointi katika H0m huchukua takriban sentimita 20, na sehemu hiyo haiwezi kutumika kusimamishia mabehewa.

Kwa sababu hizo, katika nafasi ndogo mpangilio wa mstari ulionyooka hushinda mzunguko. Treni inayozunguka meza hurudi ilikotoka baada ya sekunde chache, na mtazamaji huchoka upesi. Stesheni ya mwisho wa njia humpa mwendeshaji kazi: kupokea treni, kutenga mabehewa, kuyapeleka kwenye gati na kuunda treni ya kurudi.

== Aina za mipangilio midogo ==

Mipangilio miwili kutoka Uingereza imeigwa na wajenzi wengi. Wa kwanza ni Minories, uliobuniwa na Cyril Freezer mwaka 1957. Ni stesheni ya mwisho ya abiria inayotoshea ubao mwembamba, na pointi zake zimepangwa ili treni iweze kuingia au kutoka kwenye kila jukwaa.

Wa pili ni Inglenook Sidings wa Alan Wright. Una pointi mbili tu na njia tatu za kusimamishia: moja hutosha mabehewa 5, na nyingine mbili hutosha mabehewa 3 kila moja. Njia ya kuingilia hutosha injini pamoja na mabehewa 3. Mabehewa yote ni 8. Mchezaji huchagua 5 kwa bahati, kwa mpangilio maalumu, kisha huyapanga hivyo kwenye njia ndefu. Idadi ya treni zinazoweza kutokea ni 8 × 7 × 6 × 5 × 4, yaani 6,720. Ubao mfupi kuliko kitanda unatoa kazi isiyokwisha.

Nchini Marekani, John Allen alibuni mchezo wa kupanga mabehewa uitwao Timesaver mwaka 1972. Yeye alijulikana zaidi kwa reli kubwa ya mfano aliyoijenga nyumbani kwake Monterey, California.

== Kigoma kama mfano ==

=== Historia kwa ufupi ===

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ujiji ulikuwa mji mkongwe wa biashara na mwisho wa njia ya misafara, lakini reli ilielekezwa Kigoma kwa sababu ghuba yake ni bandari ya asili iliyo bora zaidi. Stesheni na bandari viliwekwa karibu karibu, kati ya vilima na ziwa.

Mizigo mikubwa ya mwanzo ilikuwa vipande vya meli ya Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye makasha. Meli iliunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916; Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Bandari ya Kigoma imeendelea kupitisha shehena ya Burundi na ya mashariki mwa Kongo, hasa kwa njia ya Bujumbura na Kalemie. Shehena hutolewa kwenye mabehewa na kupakiwa melini. Hii ni tofauti na Ziwa Viktoria, ambako meli kama MV Umoja zilijengwa zikiwa na reli kwenye deki ili mabehewa yenyewe yaingie.

=== Sababu za kufaa ===

Kigoma humsaidia mbunifu kwa njia nne. Kwanza, reli inaishia hapo, kwa hiyo hakuna haja ya kona ya kurudia. Pili, kilima kilicho nyuma huficha ukuta, na ziwa lililo mbele hueleza kwa nini ubao umekwisha. Tatu, abiria, shehena na meli hukutana mahali pamoja. Nne, mabehewa yana sababu ya kupangwa kwa zamu: shehena ya meli ya Bujumbura isichanganywe na ile ya Kalemie, na behewa linalopakuliwa kwanza lifike kwenye kreni kwanza. Kwa hiyo mchezo wa Inglenook hapa unafuata sababu ya kibandari.

=== Vipimo vya mpangilio wa rafu ===

Mpangilio ufuatao ni wa kubuni. Unafuata tabia ya mahali bila kunakili ramani halisi ya njia za stesheni.

Ubao una urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 40, kwa uwiano wa 1:87 na geji ya milimita 12. Behewa la mizigo la mita 12 huwa na sentimita 14, na pamoja na viungio vyake huhesabiwa sentimita 15. Njia ya gati ya mabehewa 5 inahitaji sentimita 75. Njia mbili za mabehewa 3 zinahitaji sentimita 45 kila moja. Njia ya kuingilia, yenye injini na mabehewa 3, inahitaji sentimita 65 hivi. Njia ndefu zaidi ni 65 + 20 + 75, yaani sentimita 160, na zinabaki sentimita 20 za kugawa kwenye ncha mbili.

Kwa upana, nyuma kabisa hukaa kilima na jengo la stesheni, likiwa upande wa mbele tu ili lisimeze nafasi. Katikati hupita njia tatu zilizoachana sentimita 5. Mbele hukaa gati, kisha maji. Mahali treni inapoingilia hufichwa kwa kilima na miembe, miti ambayo ni ya kawaida Kigoma na Ujiji. Nyuma ya kificho hicho unaweza kuunganishwa ubao mwingine mfupi wa kuegesha treni ambazo “zimekwenda Tabora”.

=== Tatizo la meli ===

Liemba ina urefu wa mita 71 na ushei. Kwa 1:87 inakuwa karibu sentimita 82, yaani inakula karibu nusu ya ubao wote. Mbunifu ana njia tatu. Anaweza kuhamia 1:160, ambako meli ni kama sentimita 45 na mpangilio mzima wa njia unatosha mita moja, lakini vifaa vya Nm ni vichache na vidogo kushika. Anaweza kuonyesha sehemu ya meli tu, ikikatwa na ukingo wa ubao. Au anaweza kuiacha, na kuweka boti ya mizigo iliyo fupi.

Kuifupisha Liemba yenyewe ndiyo njia mbaya zaidi. Stesheni iliyopunguzwa jukwaa hubaki stesheni, na treni ya mabehewa matatu ya abiria hukubalika badala ya ndefu. Lakini meli inayojulikana na kila mkazi wa mwambao, ikipunguzwa theluthi, haitakuwa meli hiyo tena. Kanuni ya jumla ni kwamba kinachorudiarudia, kama mabehewa, maghala na miti, kinaweza kupunguzwa idadi, bali kinachotambulisha mahali kiachwe na umbo lake au kisiwekwe.

== Ujenzi na vifaa ==

Ubao hutengenezwa kwa plaiwudi juu ya fremu ya mbao nyepesi. Mbao zipakwe dawa ya kuzuia mchwa kabla ya kufungwa. Ubao ukigawanywa vipande viwili vya sentimita 90 hubebeka na kupita mlangoni.

Kilima hujengwa kwa maboksi yaliyokatwa vipande na kufunikwa kwa karatasi zilizolowekwa gundi. Udongo mwekundu uliochekechwa vizuri hutoa rangi ya kweli kuliko rangi ya dukani. Maji huigwa kwa plaiwudi laini iliyopakwa rangi ya buluu ya kukoza, kisha matabaka kadhaa ya vanishi inayong'aa. Majengo yanaweza kutengenezwa kwa kadibodi kutokana na picha. Kabla ya kupiga picha stesheni au bandari, ni lazima kuomba ruhusa ya wahusika.

Kati ya vipande vya reli huachwa upenyo mdogo ili chuma kikitanuka kwa joto njia isijikunje. Vumbi huzuia umeme kufika kwenye injini, kwa hiyo reli hufutwa kwa kitambaa laini chenye spiriti.

== Umeme ==

Injini nyingi za H0 na N zinazotumia umeme mnyoofu huendeshwa kwa volti zisizozidi 12 au zaidi kidogo. Umeme wa nyumbani wa volti 230 usiguse mpangilio kamwe. Hupunguzwa na kifaa kilichofungwa kiwandani. Panapokatika umeme mara kwa mara, betri ya sola ya volti 12 inaweza kutumika pamoja na kidhibiti mwendo. Hapo fyuzi ni lazima. Behewa likianguka na kugusisha reli mbili, betri itatoa mkondo mkubwa kwa ghafla, na waya mwembamba unaweza kuwaka moto.

== Matumizi shuleni ==

Reli ya mfano inaweza kujengwa bila injini ya umeme, mabehewa ya kadibodi yakisukumwa kwa mkono. Hata hivyo hufundisha uwiano na ramani katika hisabati na jiografia, hesabu za mpangilio, na historia ya usafiri wa mwambao wa ziwa. Mwanafunzi anayeulizwa kwa nini Liemba haitoshi kwenye ubao hulazimika kugawanya, kupima na kuamua.

== Tazama pia ==

* Reli ya Kati (Tanzania)
* MV Liemba
* Kigoma (mji)
* Ujiji
* Ziwa Tanganyika